Benki Iliyouzwa kwa Pauni Moja

Kazi ninayokusudia kuieleza hapa haikuwa na jina nilipokuwa kijana, na hata kwa Kiingereza jina lake ni changa. Siku hizi mabenki yetu huiita usimamizi wa vihatarishi vya uendeshaji. Neno "vihatarishi" lilinikera nilipolisikia mara ya kwanza, kwani sisi tulifundishwa hatari, na hatari ilitutosha. Lakini lugha haimwombi ruhusa mwalimu mstaafu, nami nimekwisha lizoea. Maana yake ni nyepesi kuliko sura yake. Benki inaweza kupata hasara kwa kumkopesha mtu asiyelipa. Inaweza pia kupata hasara kwa sababu bei za sokoni zimegeuka. Tena inaweza kupata hasara kwa sababu karani amekosea tarakimu, mtambo umezimika, mfanyakazi ameiba, moto umeunguza jengo, au utaratibu wa kazi ulikuwa na tundu ambalo kila mtu alilipita asiinamie kulitazama. Hasara ya namna hii ya mwisho ndiyo inayomhusu mtu wa kazi hiyo.

Mjukuu wangu, ambaye ni karani katika tawi la benki moja mkoani, anataka kuhamia idara hiyo. Wajomba zake wamempinga. Wanasema kwenye mikopo ndiko kuliko na marupurupu na kupanda cheo, na kwamba huko anakotaka kwenda ni kwa watu wa kuandika makosa ya wenzao. Shauri hilo akaniletea mimi babu yake. Nami, nisiyeijua benki ila kwa dirisha la kuchukulia pensheni, nikaona nifanye kile nilichozoea kufanya darasani, yaani kutafuta jambo lilianzaje. Kutafuta huko kulinifikisha Singapore, mwaka 1995.

Benki ya Barings ilianzishwa London mwaka 1762. Mwaka 1803 ilishiriki kutafuta fedha ambazo Marekani ilimlipa Napoleon kwa kulinunua jimbo la Louisiana. Malkia wa Uingereza alikuwa mteja wake. Mwaka 1890 iliponea chupuchupu, pale mikopo yake ya Argentina ilipokwenda mrama na Benki Kuu ya Uingereza ikaongoza mchango wa kuiokoa. Nyumba yenye umri huo huwa na kiburi chake cha utulivu, na wenye nyumba huamini kwamba wanajuana.

Nick Leeson hakuwa mtu wa ukoo huo. Alikuwa mtoto wa fundi wa kupiga lipu kutoka Watford, na kazi yake ya kwanza katika mabenki ilikuwa ya nyuma ya pazia. Hapa sina budi kumfafanulia msomaji asiye wa benki. Katika biashara za masoko ya fedha kuna watu wa mbele, ambao hununua na kuuza, na kuna watu wa nyuma, ambao hupokea hati za biashara hizo, huzilinganisha na hesabu za soko na za benki, na kulipa au kudai kinachostahili. Wa mbele hupata sifa. Wa nyuma hupata karatasi. Leeson alikuwa hodari wa karatasi. Barings walimpeleka Jakarta, ambako hati nyingi zilikuwa zimelundikana bila kushughulikiwa, naye akazinyoosha. Mwaka 1992 wakampeleka Singapore. Kabla ya hapo maombi ya kumsajili afanye biashara London yalikuwa yamekwama, kwa kuwa hakutaja deni ambalo mahakama ilikuwa imemhukumu alilipe. Alipoomba usajili wa Singapore, jambo hilo halikutajwa pia.

Huko Singapore akapewa vyote viwili. Akawa mkuu wa watu wa mbele waliofanya biashara sokoni, na papo hapo mkuu wa watu wa nyuma waliohakiki biashara hizo. Sababu ilikuwa ya kawaida kabisa: ofisi ilikuwa ndogo, kijana alikuwa na uwezo, na mishahara miwili ni ghali kuliko mmoja. Si kwamba hakuna aliyeona. Machi 1992 kiongozi mmoja wa Barings aliyekuwa huko Singapore aliandika London kuonya kwamba mpangilio wa madaraka uliokuwa ukijengwa ungeweza kuleta maafa, na kwamba wangepoteza fedha nyingi, au imani ya wateja, na pengine vyote. Onyo hilo lilifika, likasomwa, na mpangilio ukabaki kama ulivyokuwa.

Julai 1992 Leeson akafungua akaunti ya makosa, namba 88888. Kwa Wachina, ambao ndio wengi katika Singapore, nane ni tarakimu ya neema. Akaunti ya makosa yenyewe si dhambi. Kila soko lina makosa yake, na lazima yawe na mahali pa kuandikwa hadi yasahihishwe. Kwa maelezo yake mwenyewe, kosa alilolificha mwanzoni lilikuwa la msichana mgeni kazini aliyeuza mikataba 20 mahali alipotakiwa kununua 20, na hasara yake ilikuwa kama pauni 20,000. Kama simulizi hiyo ni ya kweli tupu au ameipamba, mimi sioni kwamba inabadilisha kitu. Kwa kuwa watu wa nyuma walikuwa chini yake, aliagiza taarifa za akaunti hiyo zisiende London.

Sasa tazama jinsi tarakimu zilivyopanda. Mwisho wa mwaka 1992 hasara iliyofichwa ilikuwa pauni milioni 2. Mwisho wa 1993 ilikuwa milioni 23. Mwisho wa 1994 ikawa milioni 208. Katika miaka hiyohiyo taarifa zake za hadharani zilionyesha faida nono, na wakubwa wakamhesabu kuwa nyota wa kampuni. Kazi aliyotumwa ilikuwa ya kunufaika na tofauti ndogondogo za bei kati ya soko la Osaka na la Singapore, kwa kununua huku na kuuza kule kwa wakati mmoja, kazi ambayo kwa asili yake haina hatari kubwa. Hapo ndipo mwalimu wa hesabu wa darasa la saba angeinua kidole. Kazi isiyo na hatari inaletaje faida kubwa namna hiyo? Na kama ni rahisi hivyo, mbona wengine hawaifanyi? Swali hilo halikuulizwa kwa nguvu, maana marupurupu ya wengi yalitegemea jibu lake. Yeye mwenyewe alikuwa amependekezewa bakshishi ya pauni 450,000 kwa mwaka 1994.

Kwa upande wangu, sehemu ya historia hii niliyoisoma mara tatu ni ile ya Agosti 1994. Wakaguzi wa ndani kutoka London walifika Singapore, wakakagua, wakaandika. Waliona wazi kwamba mtu mmoja alikuwa na madaraka ya pande zote mbili. Walipendekeza Leeson asiwasimamie tena watu wa nyuma, asitie saini hundi, wala asiidhinishe usuluhisho wa hesabu za benki na za soko. Yote yalikuwa sahihi. Hata hivyo palikuwa na jambo jingine ndani yake. Ilifikiriwa kama ofisi ile ihitaji mtu wake wa kudumu wa kusimamia hatari, na wakubwa wakakubaliana kwamba kazi ya kumtosha mtu huyo siku nzima haipo.

Basi hiyo ndiyo kazi anayoitaka mjukuu wangu. Ilijadiliwa mezani, ikaonekana haijai siku. Nayo mapendekezo mengine, ambayo hayakuhitaji hata senti ya mshahara mpya, yalikuwa bado hayajatekelezwa miezi sita baadaye.

Tarehe 17 Januari 1995 tetemeko la ardhi liliupiga mji wa Kobe, Japani, likaua watu zaidi ya 6,000. Bei za hisa za Japani zikaanguka. Leeson alikuwa ameweka dau kwamba hazitaanguka, na zilipoanguka akaongeza dau ili kuzishikilia. Soko la Singapore lilidai amana zaidi kila siku, naye akaidai London, na London ikapeleka mamia ya milioni ya pauni bila kwanza kulinganisha fedha hizo na hesabu za wateja waliodaiwa kuwa ndio wenye biashara. Mwezi huohuo wa Januari uongozi wa soko uliiandikia Barings barua za kuuliza habari za akaunti 88888. Leeson alishirikishwa kuandaa majibu. Tarehe 23 Februari alitoroka. Tarehe 26 Februari, siku ya Jumapili, benki iliyokuwa na miaka 233 ikatangazwa kwamba imeshindwa. Hasara ilifika pauni milioni 827. Kampuni ya Kiholanzi, ING, iliinunua kwa pauni moja, ikabeba na madeni yake. Leeson alikamatwa Frankfurt, na Desemba mwaka huo mahakama ya Singapore ilimhukumu kifungo cha miaka sita na nusu. Alitoka mwaka 1999, na baadaye akawa analipwa kutoa mihadhara juu ya usimamizi wa hatari. Dunia haina haya.

Naomba nitoke kidogo London nirudi stoo, maana mimi mambo haya nimeyafahamu kwa gunia la mahindi kabla sijayafahamu kwa pauni. Katika shule moja ya bweni niliyopelekwa kuiongoza nilimkuta mtunza stoo mwaminifu, mtu wa makamo, aliyeagiza chakula, akakipokea, akakaa na ufunguo, akakitoa jikoni, na akaiandika leja kwa mkono wake. Nilielekeza kwamba kuanzia siku hiyo mwalimu wa zamu ahesabu magunia yakiwa bado juu ya gari, kiranja wa chakula awepo, na wote wawili watie saini kwenye hati ya mapokezi pamoja na mtunza stoo. Mzee yule aliumia. Aliniuliza, "Mkuu, kwani mimi nimekuwa mwizi?" Nilimweleza, hakuelewa, akanuna muhula mzima, na baadhi ya walimu wakaona nimemdhalilisha mtu mzima bure. Mwaka uliofuata gari lilileta magunia pungufu, na dereva akaapa kwamba aliyashusha yote. Hati ilikuwa na saini tatu. Laiti ingekuwa na moja, mzee angekatwa mshahara kwa miezi mingi, maana neno lake lingepimana na neno la tajiri.

Nimemsimulia mjukuu wangu habari hiyo kwa sababu wajomba zake wameshika upande mmoja tu, ule wa kuwashuku watu. Utenganishaji wa madaraka humlinda kwanza yule anayeshika ufunguo. Hata msichana yule mgeni wa Singapore, kama kweli alikosea, angekuwa amepata karipio la asubuhi moja tu endapo kosa lake lingeandikwa mahali penye macho mengine.

Baada ya Barings ndipo kazi hii ikaanza kupata jina. Kulikuwako tayari Kamati ya Basel, iliyoundwa na magavana wa benki kuu mwishoni mwa mwaka 1974, baada ya benki ya Herstatt ya Ujerumani kufungwa Juni mwaka huo. Mwaka 1988 kamati hiyo iliyataka mabenki yawe na mtaji wa kukabili mikopo mibaya. Mwaka 1996 ikaongeza hatari za bei za sokoni. Septemba 1998 ilitoa waraka mfupi juu ya hatari za uendeshaji, baada ya kuyahoji mabenki makubwa yapatayo 30. Waraka huo unachekesha kidogo, kwa kuwa ulikiri kwamba mabenki hayo hayakuwa na maana moja ya neno lenyewe. Mengi yalisema ni hatari yoyote isiyo ya mikopo wala ya bei. Yaani kapu la mabaki. Juni 2004 ndipo kamati ilipotoa maana inayofundishwa hadi leo: hasara itokanayo na taratibu za ndani, watu au mifumo isiyofaa au iliyoshindwa, au na matukio ya nje. Kwa benki iliyotumia njia nyepesi kuliko zote, mtaji wa kukabili hatari hiyo ukawa asilimia 15 ya wastani wa pato lake ghafi la miaka mitatu. Hesabu hiyo ilibadilishwa tena katika makubaliano ya Desemba 2017. Kwetu, Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwongozo wa usimamizi wa hatari kwa mabenki mwaka 2010, na uendeshaji ukiwa na sehemu yake humo.

Mimi sidharau hesabu hizo. Mtaji ni akiba ya njaa. Ila asilimia 15 ya pato haijui nani anakaa na ufunguo wa stoo. Mwaka 1995 huohuo, Julai, mfanyakazi wa benki ya Daiwa ya Japani katika tawi la New York, Toshihide Iguchi, aliwaandikia wakubwa wake barua ya kukiri kwamba kwa miaka 11 alikuwa ameficha hasara iliyofika dola bilioni 1.1. Naye alikuwa akifanya biashara na papo hapo akisimamia utunzaji wa hati. Januari 2008, wakati kila benki kubwa ya Ulaya ilikuwa na idara ya hatari za uendeshaji yenye kanuni na majedwali, Société Générale ya Ufaransa ilitangaza hasara ya yuro bilioni 4.9 iliyotokana na biashara za Jérôme Kerviel. Kijana huyo alikuwa ameanzia kwenye kazi za nyuma na za katikati, kama Leeson, akazijua njia zote za panya. Uchunguzi wa benki yenyewe ulionyesha kwamba ishara za hatari zaidi ya 70 zilijitokeza. Watu walimuuliza, akatoa jibu, wakaandika kwamba jibu limepokewa, wakaendelea na ishara nyingine.

Mwaka 2007 mzima Kerviel alikuwa amechukua siku nne tu za likizo. Habari hii ndogo nimeipenda kuliko majedwali yote. Mwenye kuficha hawezi kuondoka, kwani akiondoka mwenzake atafungua droo. Ndiyo maana mabenki mengi humlazimisha mtu wa kazi nyeti aende likizo wiki mbili mfululizo, na mtu wa vihatarishi ndiye anayetazama nani hajaenda. Wanaomsifu mfanyakazi asiyechukua likizo kwa miaka mitano wangefaa kufikiri tena, nami nimesikia risala nyingi za kustaafu zenye sifa hiyo.

Kwa hiyo mtu wa kazi hii hufanya nini kutwa? Mjukuu wangu amenieleza aliyojifunza kwa mwenzake aliyemtangulia. Hukusanya habari za hasara, kubwa na ndogo, na hata za makosa yaliyonaswa kabla hayajaleta hasara, ambayo watu huyaficha kuliko yote. Hukaa na wakuu wa idara na kuwauliza kazi yao inaweza kuharibikia wapi. Hutazama hesabu ambazo hazijasuluhishwa zina siku ngapi. Huduma mpya inapotaka kuanzishwa, mathalani ya kutuma fedha kwa simu, huuliza itakuwaje mtandao ukikatika fedha zikiwa njiani. Mambo haya hujifunzwa. Ziko hata taasisi za kutahini, kama ile ya London iliyoanzishwa mwaka 1986 na ile ya Kimarekani iliyoanzishwa mwaka 1996. Karani aliyekaa miaka sita kwenye meza ya kulinganisha hundi ana mtaji ambao mwenye shahada mbili hana, maana anajua mahali ambapo watu hukata kona.

Kisichojifunzwa kwa mtihani ni kukaa mbele ya mtu anayeiletea benki faida, anayesifiwa na mkurugenzi, mwenye umri wa kumzidi, na kumwambia kwamba jibu lake halijatosha. Kisha kumwuliza tena kesho. Katika desturi zetu, binti kumhoji mkubwa mara ya pili huhesabiwa utovu wa adabu, na sitaki kujidai kwamba hilo ni dogo. Wajomba zake wana haki ya kuhofia. Kule Singapore walioona walikuwapo, na wakaandika kwa lugha fasaha. Mmoja mwaka 1992, wengine mwaka 1994. Waliobaki na uwezo wa kusema "kuanzia Jumatatu haiendelei hivi" hawakusema. Mfanyakazi wa vihatarishi asiye na mlango wa kupeleka neno lake juu ya kichwa cha anayemchunguza atakuwa mwandishi wa taarifa nzuri za maafa yajayo.

Barua ya maombi ameipeleka wiki iliyopita, na wajomba wamearifiwa. Ripoti ya Uingereza juu ya Barings iliyotolewa Julai 1995 ameipata kwa njia ya kompyuta na anaisoma usiku, ukurasa kwa ukurasa, akipiga mistari. Ameniambia kwamba siku ya usaili, wakimpa nafasi ya kuuliza, atawauliza mambo mawili: mkuu wa idara hiyo humpelekea nani taarifa zake, na pendekezo la mwisho la idara lilitekelezwa baada ya siku ngapi.